Bustani ya kinamasi ya mita 3 kwa 2: turubai litobolewe wapi, na airisi zipi zipandwe?

MchangaReading:

Habari za humu wakuu. Naomba mwongozo kwa wanaolima bustani za majimaji huku Uingereza. Nipo Reading. Kona ya chini ya bustani ina urefu wa mita 3 na upana wa mita 2, na kuanzia Mei hadi Agosti inapata jua kama saa 6 kwa siku. Udongo ni mchanga uliochanganyika na kokoto. Maji hupita papo hapo, kwa hiyo bila kutandika kitu chini unyevu hautakaa. Maji ya bomba ni magumu, birika linaota magamba ya chokaa. Karibu na hapo kuna kibanda cha vifaa chenye paa la mita za mraba 4 na pipa moja la lita 200.

Ninataka airisi (maua ya jamii ya *Iris*) ndizo zitawale, na maua yapokezane tangu mwisho wa Mei hadi Julai. Kina cha shimo kiwe kipi? Turubai litobolewe au lisitobolewe? Ushauri ninaokutana nao unapingana. Aina zipi zinafaa? Na je, zile airisi zenye ndevu (vinyweleo kwenye petali) zilizoko mbele ya nyumba zinaweza kuhamishiwa huko? Jirani naye anagawa bure airisi ya njano ya mtoni. Nichukue?

MzeeWaMboji:

Mkuu, kinamasi si bwawa lililofukiwa udongo. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Udongo wake unatakiwa uwe umelowa muda wote, lakini maji yawe yanatoka polepole ili hewa ifuate nyuma yake. Turubai lisipotobolewa kabisa, mvua za Novemba hadi Februari zitajaa hadi juu, hewa itakwisha, udongo utageuka mweusi na kunuka mayai viza. Mizizi itakuwa imeoza kabla ya machipukizi ya Aprili. Kwa hiyo litoboe.

Kina: sentimita 50 hadi 60. Ukiishia 35, Julai itakukausha. Ukizidisha 60 unachosha mgongo tu, maana mizizi inayofanya kazi iko karibu na juu. Kuta ziinamie ndani kidogo, zisisimame wima, la sivyo mchanga wako utaporomoka ukiwa bado unachimba.

Turubai: chukua urefu wa shimo, ongeza kina mara mbili, kisha sentimita 15 za ukingo kila upande. Kwa kina cha sentimita 50 unapata mita 4.3 kwa 3.3, hivyo nunua kipande cha 4.5 kwa 3.5. Usigharamie mpira wa bei ya juu wa mabwawa ya samaki. Hili litafunikwa lote, jua halitalipata, na plastiki ya PVC ya milimita 0.5 inatosha. Ila kwa kuwa una kokoto, tandika kwanza sentimita 3 za mchanga laini au blanketi kuukuu. Matundu tunayataka, lakini pale tunapoyachagua sisi.

Njia ya kawaida ni kuchoma sakafu kwa uma wa kulimia, mchomo mmoja kila mita 1. Kwa eneo lako ni michomo kama sita. Baada ya hapo mwaga kokoto sentimita 5, laza mpira wa maji wenye vitundu, ongeza kokoto sentimita 5 nyingine. Jumla ni kama tani 0.7, mfuko mkubwa mmoja wa ujenzi. Kabla ya kununua, dondoshea siki kwenye mawe machache. Yakitoa povu ni mawe ya chokaa, yaache hapo hapo dukani. Ukiyaweka chini ya airisi zinazopenda asidi utapigana nayo miaka yote, na huwezi kuyafukua bila kubomoa kila kitu.

Mpira: ile ya kuuzwa inayotokwa jasho inahitaji msukumo wa bomba, na pipa halina msukumo huo. Tumia mpira wa kawaida, toboa vitundu vya milimita 2 kila sentimita 30, ziba ncha moja, ulaze kwa kuzungusha sakafuni. Ncha ya pili itokeze juu. Pipa liwe juu ya kiti cha sentimita 40 au zaidi ili maji yashuke yenyewe.

Udongo: mchanga wako peke yake haushiki chakula. Changanya sehemu 2 za udongo wako uliochekechwa, 1 ya tifutifu la kununua na 1 ya mboji ya majani yaliyooza. Shimo litameza takriban mita za ujazo 2 juu ya kokoto, yaani mita 1 ya udongo wako, nusu mita ya tifutifu na nusu mita ya mboji, ambayo ni mifuko kumi ya lita 50. Pima pH (kipimo cha asidi) ya tifutifu. Likizidi 7, litafute kwingine. Samadi mbichi usiweke kabisa, kwa sababu ikioza ndani ya maji inakula hewa yote iliyobaki. Chagua pia kila kipande cha mzizi wa gugu. Kuling'oa humo baadaye maana yake ni kukanyaga udongo uliolowa, na ukishakanyagwa unashikana kama saruji. Weka mawe mawili matatu bapa ya kusimamia tangu mwanzo.

Ukingo wa turubai uukate na kuufukia sentimita 5 chini ya uso wa udongo, na utumie pimamaji kuzunguka pande zote. Upande mmoja ukiwa chini kwa sentimita 5, maji yote yataegemea huko na upande wa pili utakauka.

TumbaLaJuni:

Mzee, shikamoo. Kwenye mfinyanzi nakubaliana nawe kuhusu michomo ya sakafuni, maana mfinyanzi wenyewe unazuia maji chini ya turubai. Kwenye mchanga wa Reading maji yakipata tundu hayana cha kuyazuia. Michomo sita ya uma wenye meno manne ni matundu 24, na wiki moja ya joto la Julai itatosha kumaliza akiba yote.

Kwa mchanga ninapendekeza matundu ya ubavuni. Acha sakafu nzima. Pima sentimita 30 kutoka juu, toboa mstari wa matundu ya sentimita 1 kuzunguka pande zote, moja kila sentimita 40. Sentimita 20 za chini zinabaki akiba ya maji, na za juu 30 zinachuja zenyewe mvua inapozidi. Hilo ndilo linalookoa airisi wakati wa baridi, maana zinazokufa huku kwa ubaridi wenyewe ni chache. Nyingi hufa kwa kukaa shingo, yaani pale majani yanapokutana na mizizi, ndani ya maji yaliyoganda.

Kwa njia hii kuna sharti moja: zile sentimita 20 za chini zisiwe na mboji. Weka kokoto 10 alizosema Mzee, kisha mchanga mtupu 10, ndipo uanze mchanganyiko wa udongo. Mboji ikilala kwenye maji yaliyotuama inaoza bila hewa na harufu ni ile ile ya mayai viza. Hesabu ya udongo nayo inashuka: mita za ujazo 1.6 zinatosha, mboji mifuko minane. Simamisha pia bomba la plastiki la milimita 50, lililotobolewa matundu, kutoka kwenye kokoto hadi juu. Ukitaka kujua maji yamefika wapi unatumbukiza kijiti.

Maji ya kiangazi: siku ya joto hapa England udongo na majani hupoteza kama milimita 4. Kwa mita za mraba 6 hizo ni lita 24 kwa siku. Pipa lako la lita 200 ni siku nane. Paa la mita 4 likinyeshewa milimita 10 linakupa lita 40 tu. Ongeza pipa la pili na uunganishe mfereji wa paa la nyumba, la sivyo Julai utarudi kwenye bomba.

Sasa airisi. Usizipange kwa rangi kwanza. Zipange kwa swali hili: inavumilia nini wakati wa baridi?

*Iris laevigata* inataka maji mwaka mzima, hata yakisimama sentimita 10 juu yake. Iweke katikati, mahali pa chini kabisa, miche 3. *Iris versicolor* ya Marekani Kaskazini haina makuu: inakubali maji, inakubali udongo unyevu tu, haichagui sana pH. 'Kermesina' ya zambarau iliyoiva ni nzuri, miche 3 pembeni mwa laevigata.

*Iris ensata* ya Japani ndiyo yenye maua makubwa bapa ambayo kila mtu anayataka, na ndiyo inayouawa zaidi. Inataka maji mengi kuanzia Aprili hadi imalize maua, kisha ikae kwenye unyevu wa kawaida tu wakati wa baridi. Picha za bustani ya airisi ya Horikiri kule Tokyo, airisi zikiwa zimesimama kwenye maji, ni za msimu wa maua. Watu wanaziona na kudhani mmea unaishi hivyo mwaka mzima. Wakulima wa Kijapani hujaza maji mashambani wakati wa maua, kisha huyaondoa. Inataka pia asidi, pH 5.5 hadi 6.5. Miche 5, kwenye nusu ya juu ya bustani. 'Rose Queen' ni ya waridi na ni ngumu, anza nayo.

*Iris sibirica* inauzwa kama mmea wa kinamasi, na mimi sikubaliani na wauzaji. Inapenda unyevu, lakini shingo yake isizame Januari. Inua ukingo kwa sentimita 15 na uipande hapo juu, miche 5: 'Perry's Blue' ya samawati, 'Butter and Sugar' ya njano na nyeupe. Hiyo ndiyo itakufungulia msimu mwishoni mwa Mei. Juni zinapokea laevigata na versicolor, ensata inafunga kuanzia mwisho wa Juni na kuingia Julai.

Zenye ndevu ziache mbele ya nyumba. Rizomu yake, lile shina nene linalolala ardhini, inataka kuchomwa na jua ikiwa nusu nje. Kwenye kinamasi italainika na kuoza.

BustaniBoston:

Salamu kutoka Massachusetts, Marekani. Ninajibu hilo la airisi ya njano, *Iris pseudacorus*. Hapa ni gugu vamizi. Massachusetts imekataza kuuzwa kwake, na Oregon vilevile, kwa sababu imetoka kwenye bustani ikaingia mitoni. Mbegu zake zinaelea, na kipande cha rizomu kikibebwa na maji kinaota kitakapokwama. Inajaza ukingo wa maji mpaka mimea ya asili inakosa pa kusimama.

Kwako Uingereza ni mmea wa asili, hakuna sheria unayovunja. Tatizo lako ni ukubwa. Inapanda hadi mita 1.5 na kutanuka bila kuuliza, na kwenye mita za mraba 6 itameza laevigata zako ndani ya misimu michache. Kama unaitaka kwa ajili ya nyuki, ifungie kwenye ndoo ya lita 15 yenye matundu madogo, ifukie, na ukate maganda yote ya mbegu kabla hayajapasuka. Tofauti na hapo, mshukuru jirani na umwachie.

Kwa wasomaji wa Marekani mashariki: versicolor ni ya kwetu huku, ipandeni badala yake. Na jihadharini na kiwavi anayetoboa airisi, *Macronoctua onusta*. Nondo hutaga kwenye majani makavu wakati wa vuli, mayai yanaanguliwa Aprili na Mei, kiwavi anaingia ndani ya jani na kushuka taratibu hadi kwenye rizomu. Kufikia Julai ameila, na bakteria wa kuozesha wanamfuata. Dawa ya kwanza ni kukata majani yote makavu na kuyatoa bustanini kabla ya Aprili. Usiyatie kwenye lundo la mboji.

MchangaReading:

Asanteni sana wakuu. Nimekubali matundu ya ubavuni, na airisi ya njano naiacha.

Yamebaki mawili. Kitalu cha karibu kina vyungu vya airisi yenye majani ya mistari meupe, kimoja kimeandikwa ensata 'Variegata' na kingine laevigata 'Variegata'. Kwa macho vinafanana kabisa. Nitajuaje kipi ni kipi kabla ya maua? Na vyungu viwili kati ya hivyo vina majani ya njano-njano. Ni ugonjwa, au vinunuliwe tu?

TumbaLaJuni:

Tumia vidole. Shika jani katikati na ulisugue kwa dole gumba kukata upana wake. Ensata ina mshipa wa katikati ulioinuka, unausikia wazi. Laevigata ni laini tupu. Usiamini kibandiko, hizi mbili zinachanganywa mara nyingi sana, na hapo ndipo mtu anapozamisha ensata mwaka mzima akidhani ni laevigata. Pseudacorus nayo ina mshipa huo, na ipo yenye mistari pia, lakini mistari yake ni ya njano-krimu na hufifia kuwa kijani majira ya joto yanapokolea. Ya ensata inabaki nyeupe hadi mwisho. Maua yakishatoka hakuna shaka tena: kwenye petali zinazoning'inia, ensata ina alama ya njano kwenye shina la petali, laevigata ina mstari mweupe.

Kuhusu njano, angalia imeanzia wapi. Ikiwa ni majani machanga, na mishipa imebaki kijani huku katikati pamepauka, hiyo ni chokaa: mmea unashindwa kunyonya chuma kwa sababu maji au udongo una pH ya juu. Hupona ukiupa maji ya mvua na chuma kilichotengenezwa kwa ajili ya mimea ya asidi. Nunua kama bei imeshushwa. Ikiwa njano imeanza kwa majani ya zamani ya nje na yanavutika kirahisi, bonyeza shingo ya mmea. Ikiwa ngumu, una njaa tu ya naitrojeni. Ikiwa laini, imeoza, iache.

MzeeWaMboji:

Marahaba Tumba. Hilo la mchanga mtupu chini ya udongo nalichukua, na kwa Reading matundu ya ubavuni yana mantiki kuliko yangu.

Naongeza ratiba. Chimba na ujaze Septemba au Oktoba, mvua za baridi zilishushe udongo. Utashuka sentimita 5 hadi 8, kwa hiyo uujaze kilima kidogo. Panda Aprili, si kabla. Ensata changa iliyopandwa Novemba kwenye udongo ambao haujatulia huinuliwa na barafu na kukaa mizizi hewani.

Siku ya kupanda, airisi hizi zisikauke hata kidogo. Zenye ndevu unaweza kuziacha mezani siku kadhaa, hizi haziwezi. Zikae ndani ya ndoo ya maji mpaka dakika ya kuingia shimoni. Ukipasua kichaka, kata majani yabaki sentimita 15 hadi 20. Rizomu ya sibirica na versicolor ikae sentimita 3 hadi 4 chini, ya ensata 5. Nafasi ni sentimita 45. Kwa miche 16 utabakiwa na mapengo. Yajaze kwa *Caltha palustris* na *Primula japonica*, zote ni fupi na hazitibui mizizi ya airisi. Ukiuziwa kabichi-kinamasi ya Marekani, *Lysichiton americanus*, ikatae, imo kwenye orodha ya mimea vamizi iliyopigwa marufuku huku.

Mbolea: ensata ni mlaji. Mpe ile ya mimea ya asidi, inayotoka polepole, mara moja Aprili na mara ya pili baada ya maua. Unga wa mifupa usiukaribishe, una kalisi. Kila mwaka ensata inaota mizizi mipya juu ya ile ya zamani, hivyo shingo inapanda hadi inakaa nje. Kila baada ya miaka 3, mara tu maua yakiisha, ing'oe, ipasue, tupa kiini kikuu kilichozeeka, upande vipande vya nje kwenye udongo ambao haukuwa na ensata. Ukirudisha pale pale inadumaa.

Na kuanzia Mei kagua kingo za majani. Ukiona zimeliwa kama kwa msumeno, tafuta funza wa kijivu wa sentimita 2 hivi, ni wa nyigu-msumeno wa airisi. Anapenda pseudacorus, versicolor na laevigata. Waokote kwa mkono jioni. Usipulizie sumu juu ya udongo wenye maji. Kichaka kilichokaa vizuri hurudisha majani mwaka unaofuata. Vaa glavu ukiokota na ukipasua, utomvu wa airisi unawasha ngozi, na rizomu zilizobaki zitoe bustanini kama kuna mbwa, zina sumu kwake.

BustaniBoston:

Swali dogo kwa Tumba: mtu akitaka zile za Louisiana, kama 'Black Gamecock', zitafanya vizuri Reading?

TumbaLaJuni:

Zitaishi, maua ndiyo yatakuwa machache. Zinahitaji joto refu la kiangazi na chakula kingi, na miaka ya mawingu zinatoa majani matupu. Akitaka kujaribu aipande kwenye chungu cha lita 10 karibu na ukuta unaotazama kusini, chini yake sahani ya maji sentimita 5, Oktoba aiondoe kwenye sahani. Kinamasi chenyewe akiachie hizo nne.